Baroneti ni nani? Mwongozo kamili wa kumtambua, kumwita na kumthibitisha

Mara ya kwanza nilipokutana na cheo hiki nilikichafua. Nilikuwa natafsiri barua ya miaka ya 1890 iliyomtaja "Sir W. Mackinnon, Bart.", nami bila wasiwasi nikaandika "Bwana W. Mackinnon Bart", nikidhani Bart ni jina la babu yake. Mzee aliyepitia kazi yangu alichora duara la kalamu nyekundu kwenye neno "Bwana", akachora jingine kwenye "Bart", akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu," akaniambia, "hapa umemvua mtu kilemba mara mbili."

Tangu siku hiyo nimeyaona makosa hayohayo kwa wengine: kwa wafasiri, kwa waongoza watalii wa Mombasa na Nairobi, kwa wanafunzi wanaopekua nyaraka za ukoloni, hata magazetini. Kila "Sir" anageuzwa lodi, na kila "Lady" anaitwa binti mfalme. Nimepanga hatua kwa mfuatano ninaoutumia mwenyewe ninapokutana na jina la Mwingereza lenye "Sir" mbele yake.

Hatua ya 1: Jua ngazi anayosimama

Makabaila wa Uingereza wana ngazi tano: duki, markizi, erli, vaikaunti na baroni. Hao ndio malodi, na kwa karne nyingi ukubwa huo ndio uliowapa viti katika Baraza la Malodi. Baroneti yuko chini ya baroni na juu ya manaiti wengi. Manaiti wa nishani za Garter na Thistle humtangulia, lakini hao ni wachache sana.

Jina "baroneti" linadanganya kwa sababu linafanana na "baroni", ila tofauti yao ni kubwa. Baroneti si lodi. Kisheria ni raia wa kawaida mwenye cheo cha kurithi, na cheo hicho hakijawahi kumpa kiti katika Baraza la Malodi. Sir Robert Peel, aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829 na baadaye akawa waziri mkuu, alikuwa baroneti wa pili wa ukoo wake, na maisha yake yote ya siasa aliketi katika Bunge la kuchaguliwa. Angekuwa baroni asingeweza.

Naiti naye ni mtu ambaye mfalme amemgusa begani kwa upanga, au amempa nishani yenye hadhi hiyo. Heshima ya naiti humfia mwenyewe, ya baroneti hubaki nyumbani. Mwambao wetu una mfano mzuri: Sir Ali bin Salim, liwali wa Pwani ambaye watu wa Mombasa bado wanamkumbuka. "Sir" yake ilikuwa ya naiti, kwa hiyo watoto wake hawakuirithi.

Hatua ya 2: Elewa cheo kilitoka wapi

Unaweza kuiruka hatua hii ukiwa na haraka, lakini utakosa uhondo, na mambo kadhaa ya mbele hayataeleweka.

Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alikuwa na shida mbili. Hazina yake ilikuwa tupu, na alitaka kuwapeleka walowezi Waingereza na Waskoti katika jimbo la Ulster, kaskazini mwa Ireland, penye wenyeji ambao hawakuwataka. Walowezi walihitaji kulindwa na askari, na askari walihitaji mshahara. Tarehe 22 Mei mwaka huo akaanzisha cheo kipya cha kurithi na kukiuza waziwazi kwa watu wenye mali.

Bei yake ilikuwa pauni 1,095. Ukiiona peke yake inashangaza. Kwa nini isiwe 1,000 au 1,100? Ipigie hesabu. Kila baroneti alitakiwa kugharimia askari 30 kwa miaka mitatu, kila askari kwa peni 8 kwa siku. Askari 30 mara peni 8 ni peni 240. Kwa hesabu ya Kiingereza ya zamani shilingi ilikuwa na peni 12 na pauni ilikuwa na shilingi 20 (usiifananishe na shilingi yetu ya senti mia), kwa hiyo peni 240 ni pauni moja kamili. Pauni moja kila siku kwa miaka mitatu ni siku 1,095. Ndiyo bei hiyo.

Pesa peke yake haikutosha. Mnunuzi alitakiwa awe na mapato ya ardhi ya angalau pauni 1,000 kwa mwaka, na babu yake mzaa baba awe alikuwa na nembo ya ukoo. Yaani tajiri aliyeibuka jana alifungiwa mlango, angalau kwenye karatasi. Mfalme aliahidi pia kwamba mabaroneti hawatazidi 200, na ahadi hiyo haikudumu. Wa kwanza kabisa alikuwa Sir Nicholas Bacon wa Redgrave, na mpaka leo mrithi wake ndiye huhesabiwa wa mbele kuliko mabaroneti wote wa Uingereza.

Biashara ilinoga, ikavuka bahari. Mwaka 1625 Mfalme Charles wa Kwanza alianzisha mabaroneti wa Nova Scotia, sehemu ambayo sasa iko Kanada, ili Waskoti wachangie koloni huko. Hapa kulikuwa na kituko cha kisheria. Desturi ya Uskoti ilimtaka mtu aliyepewa ardhi aipokee akiwa amesimama juu yake. Nani angepanda merikebu na kwenda Amerika kwa ajili ya dakika tano za sherehe? Wakapata dawa: kipande cha ardhi penye ngome ya Edinburgh kilitangazwa kuwa ni Nova Scotia, na baroneti mpya akasimama hapo na kupokea ardhi iliyo ng'ambo ya bahari. Nimekutana na ujanja mwingi katika hati za mashamba ya pwani yetu, lakini huu wa Edinburgh sijaona wa kuushinda.

Kwa hiyo ukikuta mtu ametajwa kuwa baroneti "wa Uingereza", "wa Ireland" au "wa Nova Scotia", si lazima iwe ndiko alikoishi. Ni kundi ambalo cheo chake kilitolewa chini yake. Baada ya Uingereza na Uskoti kuungana mwaka 1707 lilikuja kundi la Great Britain, na kuanzia 1801 kundi la Ufalme wa Muungano, ambalo ndilo la wengi utakaokutana nao katika nyaraka za Afrika Mashariki.

Hatua ya 3: Soma kilicho mwishoni mwa jina

Naiti na baroneti wote huanza na "Sir", kwa hiyo mbele hapakusaidii. Tazama nyuma. Ukiona "Bt", au "Bart." katika maandishi ya zamani, huyo ni baroneti. Ukiona KCMG, KBE, KCB na ndugu zake, hizo ni nishani za naiti. Ukiona vyote viwili, mtu huyo alikuwa navyo vyote viwili, na Bt hutangulia.

Baada ya hapo angalia tarehe, kwa maana mtu huweza kuwa "Sir" kwa njia moja leo na kwa njia nyingine kesho. Mfano ninaoupenda ni wa Sir Bartle Frere. Alifika Unguja Januari 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Vitabu vingi vya shule hutufanya tuamini kwamba baroneti alikuja na kusaini mkataba. Hakuwa baroneti na hakusaini. Alikuwa naiti tangu 1859, Barghash alimkatalia, akaondoka. Mkataba ulisainiwa tarehe 5 Juni 1873, na aliyeufikisha hapo ni balozi mdogo John Kirk, ambaye wakati huo hakuwa hata na hiyo "Sir". Frere alipewa ubaroneti mwaka 1876. Kwa hiyo ukiandika habari za 1873, "Sir Bartle Frere" ni sahihi, na "baroneti Frere" ni kosa la miaka mitatu. Jina lake limebaki Frere Town, kule Kisauni ilipo kengele ya Kengeleni, makazi ya watumwa walioachwa huru.

Mackinnon wa barua yangu ni tofauti. Mwenye meli na mwanzilishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, alikuwa Mackinnon tu mpaka alipofanywa baroneti mwaka 1889. Barua yoyote ya kabla ya hapo ikimwita "Sir", jiulize kama ni nakala iliyoandikwa upya baadaye. Wasafiri wanaopita njia ya Mombasa kwenda Nairobi wanalijua jina lake bila kumjua yeye: Mackinnon Road, ule mji wenye msikiti kando ya reli.

Kama huna maandishi, una picha au kaburi tu, tafuta mkono. Ndani ya nembo ya ukoo wa baroneti mara nyingi huwekwa ngao ndogo nyeupe yenye kiganja chekundu cha mkono wa kushoto. Ni alama ya Ulster, kumbukumbu ya wale askari 30. Wa Nova Scotia hawauweki. Wao wana alama yao yenye msalaba wa Mtakatifu Andrea, na walikuwa wakiivaa shingoni kwa utepe wa rangi ya chungwa tangu 1629. Mabaroneti wengine walisubiri mpaka 1929 kupata cha kuvaa shingoni.

Hatua ya 4: Mwite inavyopasa

Hapa ndipo wengi huteleza, nami nitakaa kidogo.

"Sir" hufuatwa na jina la mtu mwenyewe, si la ukoo. Baroneti aliyeshtakiwa Nairobi mwaka 1941 kwa mauaji ya Erli wa Erroll, kisha akaachiwa huru tarehe 1 Julai, aliitwa Sir Henry John Delves Broughton, na marafiki walimwita Jock. Kwa hiyo ni "Sir Jock" au "Sir Henry". "Sir Broughton" haipo, hata kama umeiona gazetini. Kwenye bahasha ungeandika "Sir Henry Delves Broughton, Bt".

Mke wake ni kinyume: "Lady" hufuatwa na jina la ukoo. Tumfuate mke wa huyohuyo, maana maisha yake ni somo zima. Diana Caldwell alipoolewa naye mwaka 1940 akawa Lady Broughton. Mumewe alipokufa mwaka 1942, naye akaolewa mwaka uliofuata na mlowezi Gilbert Colvile ambaye hakuwa na cheo, akashuka na kuwa Bi Colvile tu. Mwaka 1955 akaolewa na Lord Delamere wa nne, aliyekuwa baroni, akawa Lady Delamere. Kwa hiyo "Lady" ya kwanza na ya mwisho kwa masikio ni neno moja, kumbe moja ni ya mke wa baroneti na nyingine ni ya mke wa lodi. Ukimkuta kwenye hati ya 1948 kama "Lady", mwandishi wake alikosea au alijipendekeza.

Hakuwahi kamwe kuwa "Lady Diana". Kuweka "Lady" mbele ya jina la mtu mwenyewe ni haki ya mabinti wa erli, markizi na duki. Diana mwingine, yule ambaye dunia nzima ilimlilia mwaka 1997, alikuwa "Lady Diana Spencer" kabla ya ndoa kwa sababu baba yake alirithi cheo cha erli mwaka 1975. Hivyo Diana wa Kenya alikuwa Lady kwa ndoa, na Diana wa Wales alikuwa Lady kwa kuzaliwa, na utaratibu wa maneno mawili peke yake unakuambia yupi ni yupi.

Baroneti akifa na mrithi ana mke, mjane hutofautishwa kwa kuitwa Lady "mkongwe", na mtalaka huweka jina lake mwanzo, kwa mfano "Mary, Lady Fulani".

Watoto hawana kitu. Mwana wa kwanza hungoja, wengine ni Bwana na Bibi kama mimi na wewe. Zamani mwana wa kwanza akifika miaka 21 aliweza kudai unaiti, haki hiyo ikafutwa mwaka 1827. Beryl Markham, rubani wa Kenya aliyevuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi mwaka 1936, alilipata jina la Markham kwa kuolewa na Mansfield Markham, mwana mdogo wa baroneti. Nimesoma zaidi ya mara moja akiitwa "Lady Markham". Lady Markham alikuwa shemeji yake, mke wa kaka mkubwa aliyerithi.

Hatua ya 5: Fuata urithi kabla ya kuandika namba

"Baroneti wa 11" maana yake ni mtu wa kumi na moja kukishika cheo hicho tangu kilipotolewa. Kwa kawaida hati ya kifalme husema kitarithiwa na wanaume waliozaliwa kwa ndoa, kwa mstari wa kiume. Mtoto wa nje ya ndoa hapati, na binti hapati, isipokuwa vyeo vichache sana, hasa vya Uskoti.

Ukali wa sheria hii unaonekana kwa Broughton. Mrithi wa Sir Jock, Sir Evelyn, baroneti wa 12, alipoteza mwanawe wa pekee angali mdogo, akabaki na mabinti, mmojawao akiwa Isabella Blow aliyekuja kuvuma katika mitindo ya mavazi London. Sir Evelyn alipokufa mwaka 1993, cheo kiliwapita mabinti wote kikaenda kwa jamaa wa mbali. Mackinnon hakuwa na mtoto kabisa. Alipofariki mwaka 1893 cheo chake cha miaka minne kilizikwa naye. Usiandike basi "ukoo wa mabaroneti wa Mackinnon" kuhusu yeye, maana haukuwepo.

Bombay nako kuna kisa cha aina yake. Mfanyabiashara Mparsi Jamsetjee Jejeebhoy alifanywa baroneti mwaka 1857, Mhindi wa kwanza kukipata. Kwa kuwa majina ya Kiparsi hubadilika kila kizazi, ilitungwa sheria maalumu kwamba kila mrithi aliache jina lake na kujiita Jamsetjee Jejeebhoy. Mtafiti akiona Jamsetjee Jejeebhoy katika nyaraka zilizopishana miaka mia asidhani ni mzimu. Sir Currimbhoy Ebrahim, Khoja wa Bombay, naye alifanywa baroneti mwaka 1910.

Na kuna damu. Mwaka 2016 kamati ya mahakama ya Baraza la Faragha, London, iliulizwa nani hasa baroneti wa Stichill, cheo cha ukoo wa Pringle kilichotolewa mwaka 1683. Baroneti wa 10 alikuwa ametoa sampuli ya DNA kwa ajili ya utafiti wa ukoo. Sampuli ikaonyesha kwamba baba yake hakuwa na damu ya Pringle. Majaji wakaukubali ushahidi, na cheo kikahamia tawi jingine, zaidi ya miaka tisini baada ya kuchukuliwa na asiyekistahili. Kwa hiyo hata namba zilizochapishwa vitabuni zinaweza kubadilika.

Hatua ya 6: Thibitisha kwenye Orodha Rasmi

Katika karne ya 19 watu wengi walijiita mabaroneti bila haki. Malalamiko yalipozidi, amri ya kifalme ya mwaka 1910 ilianzisha Orodha Rasmi ya Mabaroneti. Asiyekuwemo hatambuliwi wala kuitwa hivyo katika hati za serikali. Mrithi hawekwi humo kwa kufiwa tu. Hupeleka vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vinavyounga mnyororo kutoka kwa aliyemtangulia. Wengine hawajishughulishi, na ndiyo maana utakuta cheo ambacho mwenyewe yupo hai lakini kwenye orodha nafasi yake ni tupu.

Fanya hivi. Anza na Orodha Rasmi, ambayo inapatikana mtandaoni. Ukishapata jina, nenda gazeti la serikali, London Gazette, utafute tangazo la mwaka wa kutolewa. Kumbukumbu zake za zamani husomwa bure. Kwa vyeo vya kabla ya 1800 tumia vitabu vya nasaba vya Debrett's na Burke's, lakini kwa jicho la shaka: matoleo ya zamani yalichapa walichoambiwa na wenyewe.

Neno moja kuhusu barua pepe zinazokuuzia cheo. Ubaroneti hauuzwi. Mfalme James aliuuza, na serikali ya Lloyd George baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliuza heshima kwa kificho mpaka Bunge likatunga sheria ya kuzuia mwaka 1925. Vyeo vipya navyo vimekauka: tangu 1964 kimetolewa kimoja tu, mwaka 1990, kwa Denis Thatcher, mume wa waziri mkuu Margaret Thatcher. Anayekutumia cheti cha "Sir" pamoja na futi moja ya ardhi Uskoti amekuuzia karatasi.

Hatua ya 7: Liandike kwa Kiswahili

Acha "Sir" na "Lady" kama zilivyo. "Bwana" hushusha, na "Mheshimiwa" kwetu ni mbunge au waziri. Bt lifungue kwa maneno: "baroneti", na namba ukiijua. Usitie "Lord" popote. "Mwinyi" nimeiona ikijaribiwa; ni neno tamu, lakini linabeba ardhi na utawala wa mwambao ambao baroneti wa Manchester hana.

Ile barua ya mzee nimeirudia. Sasa inasomeka: "Sir William Mackinnon, baroneti wa kwanza na wa mwisho wa Strathaird na Loup." Duara jekundu moja tu limebaki ukingoni, kwenye tarehe, na hilo nilikosea mwenyewe katika kunakili.